Si kila uvimbe wa kooni ni kansa! Taa ya rangi mbili yafichua siri ya sauti

Na Mwandishi Wetu

Mpenzi msomaji, hebu pita asubuhi moja kwenye kituo chochote cha daladala utege sikio. Yule mpiga debe anayeita abiria tangu alfajiri, sauti yake imekwisha kuwa kama gunia linaloburutwa kwenye kokoto. Vuka barabara uingie shule ya jirani: mwalimu yuko mbele ya darasa lililojaa mpaka dirishani, anapandisha sauti ili wa nyuma wasikie, na ikifika saa sita mchana hana sauti tena ila upepo. Jumamosi usiku utamkuta MC wa harusi, Jumapili utamkuta mhubiri, na siku za kampeni ndiyo usiseme. Ukiwauliza, "Vipi, mbona sauti hivyo?" jibu ni lilelile: "Aa, mafua tu haya, nitalamba asali na tangawizi, yatapita."

Na kweli mara nyingi hupita. Sauti iliyokauka kwa mafua au kwa kushangilia mpira hurudi yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Shughuli ni ile isiyorudi. Wiki ya tatu inapita, ya nne nayo hiyooo, na hapo watu wanagawanyika makundi mawili. Kuna anayejikausha, anazidisha ndimu na chumvi. Na kuna ambaye usiku halali, kwa sababu moyoni ameshajihukumu: hii ni kansa. Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia leo, maana huyu ndiye haendi hospitali kabisa. Anaogopa kuambiwa.

Mwenzangu, tulia kidogo. Uvimbe mwingi unaoota kwenye nyuzi za sauti si kansa. Ila kuujua upi ni upi, hapo ndipo penye kazi, na kazi hiyo iliwahi kumshinda hata mfalme na madaktari wake wote.

NYUZI MBILI TU

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Ndani ya koo, palepale unapoona kidude kinachopanda na kushuka mwanamume anapomeza, kuna kisanduku cha sauti. Vitabu vya shule vinakiita zoloto. Ndani yake kuna kunjo mbili za nyama laini, ndizo nyuzi za sauti. Ukivuta pumzi zinafunguka, ukisema zinakutana na kutetemeka: kwa mwanamume kiasi cha mara mia moja kila sekunde, kwa mwanamke kama mara mia mbili. Sasa fikiria mwalimu wa vipindi sita kwa siku. Hesabu mwenyewe.

Vitu vinavyosuguana namna hiyo havikosi kuota sugu. Ndiyo hivyo vinundu, viwili viwili, kimoja huku na kingine kule, kama sugu za mikononi mwa mkulima. Kuna polipu, kifuko chekundu kinachoning'inia, mara nyingi upande mmoja, ambacho huweza kuzuka baada ya kelele za siku moja tu. Kuna vifuko vya maji. Kuna uvimbe wa mvutaji sigara wa siku nyingi, ambao nyuzi zake hujaa kama zimelowa mpaka sauti inashuka. Akiwa mwanamke, kwenye simu anaitwa "kaka". Kuna vidonda vinyama vinavyotokea nyuma ya nyuzi kwa aliyewahi kuingizwa mpira wa kupumulia, au anayesumbuliwa na tindikali ya tumboni inayopanda usiku. Na kuna papiloma, hao ni wakorofi, nitawarudia.

Wote hao si kansa. Lakini ukichungulia kwa haraka, hata kansa inayoanza inaweza kuonekana kidogo na nyekundu vilevile.

MFALME WA SIKU 99

Sasa nikupe kisa. Januari 1887 mrithi wa kiti cha ufalme wa Ujerumani, Friedrich, mkwe wa Malkia Victoria wa Uingereza, alianza kukwaruza sauti. Bwana mkubwa alikuwa mpenzi wa kiko, na ilikuwa majira ya baridi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mwezi Machi, Profesa Karl Gerhardt wa Berlin akamwangalia kwa kioo, akaona kijiuvimbe kwenye uzi wa kushoto. Akajaribu kukinyofoa kwa kitanzi cha waya, wapi! Akakichoma kwa waya wa moto, siku baada ya siku, kikarudi. Mwezi Mei, daktari wa upasuaji Ernst von Bergmann akasema hii ni kansa, koo lifunguliwe kwa kisu. Siku ikapangwa.

Akaitwa bingwa kutoka London, Morell Mackenzie. Huyu akagoma. Kwanza tukate kinyama kidogo kipimwe, akasema. Kinyama kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, ambaye kwa kusoma nyama chini ya hadubini hakuwa na mpinzani Ulaya nzima. Jibu la Virchow: kansa haionekani. Kisu kikarudishwa kabatini. Juni hiyohiyo Friedrich alikuwa London, juu ya farasi, sare nyeupe, kwenye sherehe za miaka hamsini ya mama mkwe wake. Watu wakamshangilia, kijana mzima kapona!

Lakini wapi. Novemba, akiwa San Remo kule Italia kutafuta hewa nzuri, Mackenzie mwenyewe aliona uvimbe mpya, akakubali kwamba hii sasa ni kansa. Tarehe 9 Februari 1888 wakamtoboa shingo na kumtia bomba apate kupumua. Mwezi mmoja baadaye, 9 Machi, baba yake akafa na yeye akawa Kaisari, Kaisari asiyeweza kutamka neno moja. Amri zake alikuwa akiandika kwenye vijikaratasi. Tarehe 15 Juni akafariki. Siku 99 tu kwenye kiti. Akarithiwa na mwanawe Wilhelm wa Pili, yuleyule Kaisari ambaye watu wa pwani yetu walikuja kumjua kwa bunduki, Abushiri akianzisha vita kule Pangani mwaka huohuo.

Madaktari wa Berlin na yule wa London wakabaki wakirushiana maneno hadharani, aibu tupu. Mimi sisemi kisu kingemponya. Upasuaji wa koo wa siku zile nao uliua wengi. Wala Virchow hakudanganya, alisoma alicholetewa. Shida ilikuwa kule juu, kwa anayechungulia na kukata. Anaona wekundu juu ya wekundu. Akate wapi? Kinyama ukikikata hatua moja pembeni ya mahali penyewe, hadubini itakupa jibu la kweli la mahali pasipohusika.

KIOO CHA MENO NA JUA

Na hata huko kuchungulia kulikuwa bado kugeni. Aliyekuwa wa kwanza kuziona vizuri nyuzi za sauti za mtu aliye hai zikifanya kazi hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa kuimba! Manuel García, Mhispania, mwaka 1854 alichukua kijioo cha daktari wa meno chenye mkono mrefu, akakitia kooni mwake mwenyewe, akamulika mwanga wa jua kwa kioo kingine, akajiona. Mwaka uliofuata alilipeleka jambo hilo mbele ya Royal Society ya London.

Mzee huyu alijua thamani ya koo. Mwaka 1841, mwimbaji wa Sweden Jenny Lind alimfuata Paris akiwa na umri wa miaka 20, sauti imechakaa kwa kazi nyingi. García hakumpa dawa. Alimwambia afunge mdomo wiki kadhaa, asiimbe kabisa, kisha akaanza kumfundisha upya. Jenny Lind akaja kuwa mwimbaji aliyetikisa Ulaya na Marekani.

Kutoka kioo tukaja kwenye mpira mwembamba wenye kamera nchani, unaopitishwa puani hadi juu ya zoloto. Picha ikawa kubwa, ikaingia kwenye skrini. Lakini mwanga ulikuwa bado mweupe, na wekundu juu ya wekundu ukabaki palepale. Ni kama kutafuta uzi mwekundu ulioanguka kwenye kanga nyekundu.

WAJAPANI WAKAPUNGUZA MWANGA

Mwaka 1999 ndipo mhandisi Kazuhiro Gono wa kampuni ya Olympus, pamoja na madaktari wa Japan, walipoanza kujaribu jambo ambalo wewe na mimi tungeliona la ajabu: badala ya kuongeza mwanga, wakaupunguza. Wakaondoa rangi nyingine zote, wakabakiza buluu ya nanomita 415 na kijani ya nanomita 540 tu. Kwa nini hizo? Kwa sababu ndizo rangi ambazo damu inazimeza sana. Panapopita damu, mwanga unamezwa, panakuwa peusi-kahawia. Pasipo na damu, mwanga unarudi. Tena buluu haizami mbali, inaishia juujuu, kwa hiyo vishipa vidogo kabisa vya ngozi ya ndani vinajitokeza kahawia iliyoiva. Kijani inazama zaidi kidogo, mishipa ya chini inaonekana kama buluu-kijani. Ile kanga nyekundu imebadilishwa rangi, na uzi sasa unauona.

Vyombo hivyo viliingia sokoni katikati ya miaka ya 2000. Mwanzoni vilijulikana zaidi kwa kuangalia tumbo na utumbo, kisha madaktari wa masikio, pua na koo nao wakavichukua. Kampuni nyingine zina zao. Baadhi hazichuji taa, zinaacha kompyuta ichezee rangi za picha. Shabaha ni moja: mishipa ya damu ionekane.

Na mishipa inasema nini? Hapa ndipo patamu. Uvimbe wa kansa una njaa, unataka damu, unajijengea vishipa vyake vipya ovyo ovyo, bila ramani. Uvimbe wa kawaida hauna haraka hiyo. Kwenye uzi wa sauti mzima, vishipa vyembamba vimelala kufuata urefu wa uzi, vimegawanyika kama matawi. Kwenye kinundu, polipu au kifuko cha maji vinaweza kunenepa na kujipinda, lakini bado vimelala. Panapoharibika, vishipa vinasimama. Vinapanda wima kuelekea juu, na wewe unayechungulia kutoka juu unaviona kama vidoa vya kahawia, au kama viminyoo vilivyotupwa bila mpango.

Mwaka 2011 madaktari wa China walichapisha daraja tano za kusoma vishipa hivyo kwenye zoloto: ya kwanza hadi ya nne kwa kawaida ni zisizo kansa, ya tano ndiyo ya kutia hofu. Mwaka 2016 chama cha mabingwa wa zoloto wa Ulaya kikarahisisha: tazameni tu, vishipa vimelala au vimesimama? Binafsi naipenda hii ya Wazungu, maana hata mimi nisiye daktari naielewa.

Sasa usije ukaenda hospitali na gazeti hili mkononi ukamwamrisha dokta awashe taa ya buluu. Taa hii haichukui nafasi ya kinyama cha maabara. Inamwonyesha akate wapi, na pengine inamwonyesha kwamba hapana haja ya kukata leo. Tena inapofuka macho: pakiwa na utando mweupe mnene, kila kilicho chini kimefunikwa, hakisomeki. Na kwa vinundu na vifuko vidogo, kuna taa nyingine ya kumetameta inayofanya nyuzi zionekane kama zinatetemeka polepole. Hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri pale uzi unapokakamaa. Zote mbili ni ndugu, wala hazigombei mume.

WATOTO WA KIMEO

Nilisema nitarudi kwa papiloma. Hivi ni vinyama kama tunda la forosadi, vidole vidole, vinaletwa na virusi vya HPV, hasa namba 6 na 11. Si kansa, na ni nadra sana vigeuke kuwa kansa. Ubaya wake ni mbili: vikikatwa huota tena, na vikiota kwa mtoto mdogo vinaziba njia ya hewa.

Mtoto huvipata mara nyingi wakati wa kuzaliwa, mama akiwa navyo njiani pengine bila kujua. Mtoto anakua, sauti yake ni ya kukwaruza tangu mwanzo, kilio chake hakitoki sawasawa, anakohoa, usiku anakoroma akivuta hewa. Anapewa dawa za pumu, haponi. Halafu bibi au jirani anatoa ushauri wa kale: "Huyo kimeo kimerefuka, mpelekeni akakatwe." Loh! Mzazi mwenzangu, kimeo kinaning'inia kule juu, mwisho wa kaakaa. Nyuzi za sauti ziko chini kabisa, mlango mwingine. Kukata kimeo hakufungui njia ya hewa hata unywele mmoja, na madaktari wetu wamekemea mila hiyo miaka nenda rudi kwa sababu watoto wanavuja damu na kuoza vidonda.

Kwa papiloma taa ya rangi mbili ina faida yake ya pekee. Kila kidole cha kinyama kile kina kishipa chake katikati, kwa hiyo vile vichanga, ambavyo kwa mwanga mweupe vinapita kama ngozi ya kawaida, huonekana kama vidoa vya kahawia vilivyojipanga. Mpasuaji anaviondoa pamoja na wakubwa zao. Lakini angalia mtego: hapa pia vishipa vimesimama! Daktari asiyezoea anaweza kumtisha mgonjwa wa papiloma kwamba ana kansa. Aliyezoea anatazama kona ya kitanzi: kwenye papiloma kishipa kinageuka kwa kona pana, kwenye kansa kwa kona finyu. Kwa hiyo taa peke yake haitoshi, yanatakiwa na macho yaliyofundishwa.

Kinga ipo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, lengo kubwa likiwa kansa ya mlango wa kizazi. Chanjo za HPV ziko za aina mbalimbali: nyingine zinagusa namba 16 na 18 peke yake, nyingine zinaongeza na hizo 6 na 11. Australia ilianza mwaka 2007 na ile inayoongeza, na baada ya miaka, papiloma za kooni kwa watoto zikawa adimu kule.

KWA DOKTA HAPAUMI HIVYO

Wengi wanaogopa kipimo chenyewe. Jamani, kwa kawaida hakuna nusu kaputi hapo. Unakaa kwenye kiti, unapuliziwa dawa ya ganzi puani, mpira mwembamba unapita, unahisi kama unataka kupiga chafya. Unaambiwa vuta pumzi, sema "iii", nusa kama unanusa ua. Dokta anatazama kwa mwanga mweupe, anabonyeza kitufe, skrini inageuka kijani-buluu. Dakika chache, basi. Ukitoka usikimbilie chai ya moto mpaka ganzi iishe, utajiunguza bila habari.

Hospitali isiyo na taa hiyo nayo usiidharau. Kamera ya kawaida, hata kioo cha mzee García, kinatosha kuona kama kuna kitu na kuamua uende rufaa au la. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2018 unasema sauti ikikwaruza kwa wiki nne bila kurudi, koo lichunguliwe. Wiki hizo usizisubiri kama unavuta sigara, unakohoa damu, chakula kinakwama, shingoni kuna uvimbe, au pumzi inapiga mluzi. Hapo ni leo.

Na wale wa "nikatieni tu nipone haraka", taratibu. Vinundu vingi hunywea kwa kupumzisha sauti na kwa mazoezi ya kusema vizuri, bila kisu. Mwaka 1997 mwigizaji Julie Andrews, ambaye dunia nzima ilimjua kwa kuimba, alipasuliwa nyuzi za sauti kwa uvimbe usio kansa, na ile sauti yake ya kuimba haikurudi. Adele naye alipasuliwa Boston mwaka 2011, na Februari 2012 akapanda jukwaani kubeba tuzo sita za Grammy. Kisu hakina ndugu, ndiyo maana inafaa kijulikane kwanza kinakwenda kukata nini.

Nimalizie na mzee wetu wa kioo. Manuel García aliishi hadi mwaka 1906, akafa ana miaka 101. Alipotimiza mia, Machi 1905, madaktari wa koo kutoka nchi nyingi walikusanyika London kumpa heshima, na miongoni mwa zawadi ilikuwamo medali kubwa ya dhahabu ya sayansi kutoka Berlin. Aliyeituma ni Kaisari Wilhelm wa Pili, mtoto wa yule mfalme wa siku 99.